Kuni za Padre

Sura ya Katekista wetu ninayoikumbuka kuliko zote ni mgongo wake. Kila Kwaresima, Padre alipopanda na Landrova kutoka parokiani kuja kutuungamisha, Katekista alitoa kigoda nje, akakiweka ubavuni mwa ukuta wa udongo wa kanisa, akakaa ameuelekea mlima Oldeani, akajifunika shuka kichwani. Nyuma yake alikaa Padre, na mbele ya Padre alipiga magoti mwenye dhambi. Padre alijua Kiswahili cha kutosha kuhubiri na kugombana na fundi wa gari, lakini Kiiraqw hakikumwingia. Wazee wetu nao Kiswahili walikisikia redioni tu. Kwa hiyo dhambi za wazee zilipita kinywani mwa Katekista kabla hazijafika kwa Padre.

Kanisa linaruhusu jambo hilo, na mkalimani anafungwa na siri ileile inayomfunga padre. Padre alikuwa ameshawaambia wazee kwamba anayeona haya anaweza kujipigapiga kifua tu, naye atamwondolea. Walikataa. Kwao dhambi ambayo haijasemwa haijatoka. Na Katekista hakutafsiri kwa kusema "mzee huyu anasema aliiba mbuzi." Alisema "niliiba mbuzi." Alitufundisha mwenyewe kwamba akisema vingine anakuwa mmbeya, si mkalimani. Wanafunzi wangu wakawa wanataniana kwamba katika wilaya nzima ya Mbulu hakuna mwenye dhambi nyingi kama Katekista, maana kila mwaka anaungama za kijiji kizima.

Mimi ni Mpare. Nililetwa kule kufundisha shule ya msingi, juu ya Karatu, kule mashamba ya mahindi yanakokomea na msitu wa Ngorongoro unakoanzia. Nyumba yangu ilipakana na ya Katekista, tukawa tunaazimana moto na chumvi. Dhambi zangu niliziungama kwa Kiswahili, ana kwa ana na Padre, kwa hiyo hazikupita kwake. Nadhani alikuwa na mzigo wa kutosha bila za kwangu.

Asije mtu akadhani nasimulia habari za mtakatifu. Katekista alikuwa na hasira za karibu. Aliyesinzia kwenye mafundisho alirushiwa chaki, na chaki ikikosa, kiatu. Punda wake alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw, na akizidiwa, kwa Kilatini cha misa ya zamani. Ugoro wake hakumpa mtu bila kuguna kwanza. Na habari za watu alizipenda kama sisi sote: ukipita na kikapu atataka kujua kuna nini ndani, unampelekea nani na kwa nini si yeye.

Lakini za pale kigodani hakuna aliyewahi kuzisikia. Kulikuwa na bibi mmoja msahaulifu aliyemfuata kila mwaka kabla ya maungamo kumwuliza mwaka jana alisema nini, asije akarudia. Jibu lilikuwa lilelile: "Bibi, mimi sikuambiwa kitu. Aliambiwa Mungu." Na wale kina mama waliokuja mafundishoni kujiandaa, wakaanza kutaja makosa ya wake wa watoto wao, aliwakatiza. "Mama, sema ya kwako. Mkwe wako naye ana magoti."

Alikuwa na msemo mwingine ambao mgeni angeuona mchafu, lakini sisi tuliolala na ng'ombe ndani ya nyumba tuliuelewa. "Kinyesi ukikitoa zizini kinakuwa mbolea. Ukikiacha ndani, mnalala nacho." Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote juu ya Kitubio. Niliyasikia mara nyingi nikacheka, hadi nilipoona yakimrudia mwenyewe.

Binti yake mkubwa aliitwa Yustina. Alikuwa ameshaposwa, mahari imeanza kwenda. Desturi ilikuwa Padre akija anapikiwa kwa Katekista: chai, jogoo, na maji ya moto ya kunawa vumbi. Siku moja ya kumsubiri Padre, kuni zilipungua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka milangoni, na Mama Yustina alisema binti asiende. Katekista akasema Padre hawezi kupewa chai baridi, na ukungu hauli mtu. Yustina akachukua kamba na panga, akapandisha kuelekea msituni.

Alionekana kesho yake chini ya korongo, amekufa. Wote tulisema aliteleza kwenye ukungu, na majeraha tukadhani ni ya mawe na visiki. Mzee Boay, ambaye shamba lake ndilo la mwisho kabla ya msitu, alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na alilia kuliko sisi. Katekista hakulia mbele za watu. Ila tangu siku ile hakuruhusu mwanamke yeyote kuokota kuni za Padre. Alikwenda mwenyewe, akarudi na mzigo mgongoni, kamba kifuani kama wanavyobeba wanawake. Kina mama walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka mtu.

Miaka ilipita. Ikafika Kwaresima ambayo Mzee Boay alikuja kuungama akiwa amekonda, kifua kinamsumbua, anatembelea fimbo. Tulioketi kwenye foleni tulikaa mbali makusudi ili tusisikie, lakini macho hayana kizibo. Tukamwona Mzee anapiga magoti kwa shida, anaanza kusema. Kwa kawaida Katekista alidaka maneno kabla mtu hajamaliza. Safari hii Mzee alimaliza, akanyamaza, na Katekista akawa kimya. Padre akainamisha kichwa kumsubiri. Shuka haikutikisika.

"Amesinzia," bibi mmoja alininong'oneza.

Kisha sauti ya Katekista ikatoka, fupi, nzito. Padre akainua macho akamtazama ule mgongo. Halafu akasema yake, na Katekista akayapeleka kwa Kiiraqw mpaka mwisho, mpaka kwenye ishara ya msalaba. Mzee Boay akainuka, akaenda zake bila kugeuka. Akaja mwingine, na mwingine. Katekista aliwatafsiria wote waliobaki.

Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kuungama wa mwisho, hadharani, sote tunatazama, ili tujue kwamba anayefundisha naye hupiga magoti. Siku ile alikunja shuka, akachukua panga, akapandisha msituni kutafuta kuni, ingawa kuni za Padre zilikuwa zimejaa ukutani. Padre alimsubiri mpaka jua likaelekea kuzama, akawasha gari akashuka.

Kilichosemwa siku ile nakijua, kwa sababu Mzee Boay mwenyewe alikuja kukisema mbele yetu. Kwa Katekista hakijatoka mpaka leo. Mzee alikuwa amechimba shimo la kutegea nguruwe pori, hatua chache ndani ya msitu, mahali ambapo askari wa msitu walikataza. Alilifunika kwa majani, akasimika vigingi chini. Yustina alilitumbukia kwenye ukungu. Mzee alimkuta asubuhi ameshakufa. Akaogopa jela, akaogopa na ndugu zake binti, akambeba mpaka korongoni, akarudi kufukia shimo.

Hebu fikiria basi. Mtu amejilaumu miaka yote kwamba alimwua mwanawe kwa kikombe cha chai. Sasa anasikia nyuma yake sauti ya jirani anayemfahamu toka utoto ikisema jinsi ilivyokuwa, naye anatakiwa aseme kwa kinywa chake, "nilimficha korongoni." Kisha anatakiwa apeleke ondoleo, neno kwa neno, lisipungue. Akipunguza, amemnyima mtu wokovu. Akitoka pale akamwambia mkewe, amevunja siri. Hata salamu hawezi kubadilisha, maana akianza kumnunia Mzee Boay baada ya Kwaresima, kijiji kitajua kulikuwa na neno. Mimi nilipokuja kuelewa hayo nilishikwa na hasira, na sijui hata nilimkasirikia nani.

Pasaka ile Katekista hakupokea komunyo. Miaka yote yeye alikuwa wa kwanza kukomunika. Safari hii alisimama kando ya Padre, akashika kisahani chini ya kidevu cha kila mmoja wetu, na cha Mzee Boay pia, kisha akakirudisha altareni akaenda kukaa. Minong'ono ilianza kabla hatujafika nyumbani. Wapo waliosema ana mwanamke kule kijijini Oldeani. Wapo waliosema ameonekana kwa mganga. Mkewe aliyasikia kisimani, akayabeba nyumbani pamoja na maji.

Jumapili ambazo Padre hakuja, Katekista aliongoza ibada. Mimi niliimba mbele, karibu naye, kwa hiyo nilisikia ambacho wengine hawakusikia: kwenye Baba Yetu, tukifika pale pa kusamehe, sauti yake ilikatika. Alituacha tupite peke yetu, akatudaka mbele kwenye vishawishi.

Siku moja tulikusanyika kuchana magogo ya kutengeneza mabenchi ya kanisa. Katekista ndiye aliyekuwa hodari wa shoka. Kazi ya kushikilia gogo kwa mguu na mikono walipewa wazee, na zamu ikamwangukia Mzee Boay. Nilikuwa natenga uji pembeni. Mzee aliinama, kisogo chake kikawa chini kabisa ya shoka, na mikono ikaanza kutetemeka mpaka gogo likawa linacheza. Katekista alikuwa ameshainua shoka. Akalishikilia kule juu. Sikujua lolote wakati ule, lakini nakumbuka nilisimama na upawa mkononi, nimesahau uji.

"Aako," alisema, kama wanavyomwita babu yao kule, "shika vizuri. Litakuumiza."

Akapiga. Gogo likapasuka sawasawa. Wakaendelea hivyo, mmoja anashika mwingine anapiga, mpaka magogo yakaisha. Kisha Katekista akaenda nyuma ya kanisa akatapika. Tukasema ni uji wangu.

Kwaresima nyingine ilipokaribia, halmashauri ya kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, iliitishwa, nami nilikuwa mjumbe. Neno lilikuwa moja. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa haki na alikuwa anaumia, alisema, "Katekista, dhambi yako hatuiulizi, ni yako na Mungu. Ila umemaliza mwaka hupokei. Utatufundishaje kupokea kitu ambacho wewe mwenyewe unakikimbia?"

"Mna haki," Katekista alisema.

"Basi tupe sababu, hata ndogo."

"Sababu ya kuwapa sina."

Mwenyekiti alitungoja. Kumwondoa maana yake ilikuwa kumtoa kwenye kazi aliyoifanya tangu ujana, na kwenye nyumba pia, maana ilikuwa ya kigango. Mwenyekiti akasema wanaokubali Padre aombwe katekista mwingine wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kwenda juu, mmoja mmoja, kwa aibu. Wangu ulikuwa bado magotini, na sijui ungekwenda wapi.

Mzee Boay alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasimama kwa fimbo yake, akaanza kusema Kiiraqw. Kwa mazoea wote waligeuka kumtazama Katekista anitafsirie mimi, mgeni wao. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakufungua mdomo. Nikasikiliza kwa Kiiraqw changu cha kuokoteza, na kilitosha.

"Shusheni mikono," Mzee alisema. "Huyu hana dhambi mnayoitafuta. Mwenye dhambi ni mimi, na yeye anajua, kwa sababu nilimwa..."

"Aako." Katekista alikuwa amesimama. "Sema ya kwako. Ya kwangu niachie."

Mzee akasema ya kwake. Akasema shimo, vigingi, ukungu, korongo. Akasema juu ya shimo alipanda maboga ili udongo usionekane mpya. "Yalizaa sana," alisema. "Sijayala hata mara moja."

Mama Yustina alikuwa ameingia na birika la chai ya wajumbe. Alisimama pale mlangoni, hatua moja kutoka kwa Mzee, akasikiliza mpaka mwisho. Watu wote walikuwa wanamwita kwa jina la binti yule, kila siku, kisimani, dukani, kanisani, na Mzee Boay naye alikuwa anamwita hivyohivyo. Hakumtazama Mzee. Alimtazama mumewe.

"Ulijua?"

Katekista alinyoosha mkono kumpokea birika.

"Baba Yustina, nakuuliza. Ulikuwa unalala na mimi na unajua?"

"Mama Yustina," alisema, "mimi sikuambiwa kitu."

Mama Yustina akainamisha birika akaimwaga chai yote pale sakafuni, taratibu, kama anayemwagilia mche. Akatoka. Jioni ile alikwenda kwa kaka yake upande wa Mbulu, na hakurudi mpaka mvua zilipokatika. Mimi nilimpa haki yake yote. Bado nampa. Siri ya kanisa ni kitu kikubwa, lakini aliyekaa nayo kitandani bila kuambiwa ni yeye.

Asubuhi yake Mzee Boay alisema anashuka Karatu kujipeleka polisi. Njiani, pale penye kilima, vijana walikuwa wanamsubiri na fimbo, na aliyekuwa mchumba wa Yustina akiwa mbele yao. Katekista alikuwa anatembea na Mzee, nami nikiwafuata nyuma. Alipowaona akaongeza mwendo, akatangulia.

"Pisha, Katekista," yule mchumba alisema. "Hili si lako peke yako."

"Kama ni kumpiga, wa kuanza ni mimi. Mimi sijaanza. Ninyi mnakimbilia wapi?"

Hawakupisha mara moja. Alisimama pale anahema, ngumi zimekunjwa, na nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba hakuwa anawatisha tu. Alikuwa anajizuia na yeye mwenyewe. Nadhani na wao waliliona hilo. Wakaachia njia. Alimfikisha Mzee mpaka mlangoni kwa polisi, akarudi kwa miguu.

Mzee Boay alifungwa. Kwaresima ile Katekista alikaa kigodani kama kawaida, akawatafsiria wazee, na wote walipokwisha akavua shuka, akageuka, akapiga magoti mbele ya Padre. Alikaa pale muda mrefu. Pasaka alipokea, na alipofungua mdomo nilimwona analia.

Baadaye nilihamishiwa Endulen, kule ndani ya Ngorongoro, kufundisha watoto wa wafugaji. Tulionana kwa nadra. Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Kwaresima pia. Nilikuwa nimeshuka kwa likizo, nikapanda kigangoni kusalimia. Kulikuwa na padre mpya, kijana, Mwiraqw wa palepale. Kigoda hakikuwa na kazi tena. Wazee waliungama wenyewe kwa lugha yao, na nilisikia walilalamika kwamba Padre anaelewa kupita kiasi.

Nilikutana na Katekista kwenye njia ya kupandia msituni. Alikuwa amezeeka, amepungua, na mgongoni ana mzigo wa kuni, kamba kifuani. Siku ile ilikuwa Jumatano ya Majivu, na majivu yalikuwa bado kwenye paji la uso, jasho limeyachora mpaka kwenye nyusi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Bado unabeba kuni za Padre?"

"Padre ana jiko la mafuta ya taa. Hizi za Mzee Boay."

Sikuwa nimejua kama amerudi. Akaniambia alitoka jela zamani, macho yameisha, mkewe amefariki, watoto wamehama. Anakaa peke yake pale mwisho wa mashamba, na kule juu baridi haina huruma na kifua cha mzee. Aliyasema kwa uso mkavu, kama anayenieleza habari za punda.

"Mama Yustina anajua unampelekea?"

"Hii kamba umeiona ilivyokazwa? Mimi sifungi hivi. Kafunga yeye."

Nilitaka kumwuliza juu ya siku ile ya kigodani, baada ya miaka yote hiyo, na siri yenyewe ilikuwa imeshasemwa na mwenyewe mbele ya watu. Nilimtazama, nikajua jibu lake. Mimi sikuambiwa kitu, angesema. Nikauliza lingine.

"Kwa hiyo ulishamsamehe."

Alijiegemeza kwenye ukingo wa njia ili mzigo upumzike. Nilidhani atanigombeza.

"Mwaka jana nilimsamehe," alisema. "Mwaka huu bado. Kwaresima ndiyo kwanza imeanza."

Akaniomba nimsukumie mzigo ukae sawa. Nikausukuma. Akainama, akashika njia ya kwa Mzee Boay.